Siku Ishirini na Sita za Chongo

Chumba namba 11, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya gereji ya mabasi.
14 Juni

Mpendwa Bibi, mke wangu wa kwanza na wa mwisho,

Shikamoo. Najua mume hamwamkii mke, lakini leo nimeamua kukuheshimu. Goti linaendeleaje? Bado unalipaka yale mafuta na kusingizia kwamba limepona? Mimi ni mzima, nimenenepa, na wasichana wa huku wanateseka. (Binamu Kidomo, msomee Bibi kama nilivyoandika, usiongeze chumvi.)

Kazi nimepata, tena kubwa. Nafua mashuka ya hospitali, mia nne kwa siku, kwa mashine ambayo mlango wake ni mkubwa kupita wa jikoni kwako. Msimamizi anasema hajawahi kuona mtu anayekunja mashuka haraka kama mimi. Sawa, alichosema hasa ni kwamba hajawahi kuona mashuka yaliyokunjwa hivi. Nimeichukua kama sifa.

Sasa habari za Chongo. Najua ndizo unazozingoja, za mjukuu ni za kupitishia muda. Uliponipa huyo paka wako wa jicho moja ili nisikae peke yangu ugenini, uliniambia nimpeleke mapema kwa daktari wa mifugo akachomwe sindano ya kichaa cha mbwa. Mimi kwa ujuaji wangu nikangoja mpaka zikabaki siku nne kabla ya safari. Nilidhani sindano ni kama mkate, ya motomoto ndiyo bora. Kumbe huku wanataka iwe imekaa mwilini siku thelathini!

Nilipofika, afisa wa kaunta ya kuingilia nchini akasoma cheti cha sindano, akanitazama.

"Kijana, shule ulikwenda?"

"Nilikwenda, mkuu. Ila hesabu zilikuwa asubuhi."

Hakucheka. Akambeba Chongo na kasha lake, akamweka karantini siku ishirini na sita zilizobaki. Nikaingia chumba hiki na bakuli la paka mkononi, paka hakuna.

Bibi, humu mna kitanda, kiti kimoja na dirisha linalotazama ukuta. Nikitoka kazini nilikuwa naongea na bakuli. Jirani wa kushoto hukohoa kila jioni, nami humpa pole kupitia ukutani. Hajaitikia hata siku moja.

Kule karantini wanaruhusu wageni Jumapili tu. Jumapili ya kwanza nilimkuta Chongo kajikunyata kwenye kona, kawageuzia watu lile jicho bovu. Siku tano hajagusa chakula. Mama anayewalisha akaniambia, "Akiendelea hivi hamalizi wiki, mwanangu. Huna kitu chenye harufu ya kwao?"

Nilikuwa nacho. Kile kitambaa chako cha kichwa, cha bluu, ulichonifungia mayai ya njiani. Sikukuambia nakitumiaje. Nilikuwa nakilalia. Huku mikono yangu, nguo zangu, hata chai yangu inanuka sabuni ya hospitali. Kitambaa kile peke yake kilinuka moshi wa jiko lako na mafuta ya goti.

Nilikishika mfukoni nusu saa nzima, nikijifanya natafuta. Halafu nikampa.

Akakinusa, akakikanyagakanyaga, akajilaza juu yake. Yule mama akasogeza sahani taratibu. Chongo akala huku anakoroma kama mashine yangu. Mimi nikatoka nje haraka, macho yalikuwa yananiwasha.

Juzi nimemtoa. Amekonda, lakini kelele zake hazijapungua. Jana jirani akagonga ukuta: "We! Mnyamazishe huyo paka!" Nilifurahi kama mtu aliyepokea barua.

Ila kitambaa hataki tugawane. Nikikigusa ananiparura, na vidonda ninavyo. Basi Bibi, nitumie kingine. Kivae kwanza wiki nzima, upikie nacho, halafu ukitie kwenye bahasha vilevile kilivyo. Tafadhali usikifue. Sabuni ninayo huku ya kutosha.

Nisalimie Mama Mdogo, Mjomba Kipara na hicho kichwa chake, na Kidomo ambaye koo limeshamkauka kwa kusoma. Mungu akutunze, goti na yote, mpaka siku nitakayokupigia hodi.

Wako akupendaye kumshinda Chongo, ingawa yeye anabisha,

Mumeo, bingwa wa mashuka.