Maalim Alivyomkinga Raihana na Jicho

Siyu, Kisiwani Pate
14 Januari 2026

Mpendwa mjukuu wangu Fadhil,

Asalaam alaykum, ingawa huistahili. Maulidi yamepita, Idi mbili zimepita, kuku niliyekufugia amezeeka hata hachinjiki. Huko Nakuru kuna nini? Ndia ya Mokowe umeisahau, au miguu imekufa?

U mzima lakini? Kifua chako na baridi ya huko vipi? Mueni mkeo hajambo? Amini ameota meno? Mimi nipo, goti linanisumbua, alhamdulillahi. Anayeniandikia ni Khairiya wa jirani. Nduguyo Raihana sikutaka ayaandike haya kwa mkono wake.

Amevunjika, Fadhil. Ile kazi ya chuo kikuu, ya kuwatengenezea tovuti, hakuipata.

Na ilikuwa yake! Walizungumza naye kwenye kompyuta, mimi nimekaa mlangoni nawazuia watu wasipige hodi. Wakampa kazi ya kumjaribu, akaimaliza, wakamsifu. Likabaki neno moja: mtu wa kumshuhudia. Akamtaja Maalim Abdulwahid, aliyemsomesha madrasa, na ambaye Raihana amemtengenezea tovuti ya madrasa, hata wazazi wanaofanya kazi Manda wanaona wana wao wamefika sura gani.

Ijumaa Maalim akaja hapa anacheka. "Bi Maram, wamenipigia! Mama mmoja wa bara, Jerioth. Anamsifu mtoto weee, wala hasemi Mashallah!"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamkinga! Nikamwambia mzuri wapi, anapapasa tu huyo, msimtegemee sana."

Nikakaa chini. Unatujua, mtoto akisifiwa hivyo tunamtia ila upesi, tunamsema vibaya ili jicho la hasidi lisimpate. Ningepigiwa mimi ningesema yayo hayo, na uvivu ningeuongeza. Yule mama wa bara angejuaje? Alishika alichokisikia. Jumatatu ujumbe ukaja: wamemchukua mwengine. Maalim akampigia yule mama amweleze, akaambiwa kazi ishapata mtu. Siku hizi hapiti barazani kwangu, anaona haya.

Linaloniua si kazi. Nilipomweleza Raihana, hata hakumkasirikia Maalim. Alisema, "Huenda ni kweli, Bibi. Kwani nani aliyewahi kuniambia najua?"

Nikaitafuta siku niliyomwambia. Sikuiona. Nikamwambia papo hapo, akanijibu, "Wewe kompyuta huijui. Unasema kwa mapenzi." Kweli siijui.

Kompyuta uliyompa ameifunga kwa leso, na Athman wa Mokowe atakuja mwisho wa mwezi kuinunua. Hali, halali. Akitaka kulia huenda jikoni akatwanga ili nisimsikie. Bizari yote ya nyumba hii imekuwa vumbi. Nami nakaa chumbani namsikia, sina la kufanya. Nimeomba dua hadi ulimi umekauka.

Nisalimie Mueni, mwambie ile samli yake ilikuwa nzuri. Mbusu Amini. Ami yako Taufiq anakusalimu, Fahima naye anakusalimu. Mungu akuhifadhi na kila baya, akufungulie na ndia ya kurudi kwenu.

Ukija, na uje kabla ya Athman, usimsifu nduguyo barazani watu wakasikia. Ingia ndani, funga mlango, taja Mashallah. Kisha wewe uliyemfunza, wewe unayeijua kazi hiyo, mtazame usoni umwambie kwamba anajua.

Akupendaye hata akikukaripia,
Bibi yako, Maram