Baba Yetu Katika Kanisa Lisilo na Paa

Mwende mjukuu wangu,

Pokea salamu za hapa Oakdale. Theluji imeanza, mama yako bado anafanya zamu mbili hospitalini, nami ni mzima.

Unauliza kama inafaa kupoteza Jumamosi huko Ayalandi ukitazama magofu ya monasteri. Niliwahi kwenda moja nikiwa mwanahabari kijana, na wenzangu wa mafunzo, wote Waairishi. Palibaki mnara na kanisa lisilo na paa, mawe ya zaidi ya miaka elfu moja. Bibi mzee aliyetunza funguo hakupenda waandishi. Alisema atamfungulia tu atakayesali Baba Yetu kwa Kiairishi, lugha ya watawa waliojenga pale. Bila yeye hatukuwa na habari ya kuandika.

Wenzangu walikwama mstari wa pili. Mmoja akacheka: "Haya, Mkenya, tuokoe!"

Nilivua kofia nikasali hadi amina. Padri wetu wa shule kule Kitui, Mwairishi, alikuwa akikumbuka kwao, akitusalisha hivyo kila asubuhi.

Bibi alinikazia macho. "Wewe kijana, mbona unasali kama mtu wa Kerry?"

"Padri aliyenifundisha ni wa huko, mama."

Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanifungulia mimi peke yangu. Wenzangu walibaki kwenye mvua. Habari yangu ilitoka ukurasa wa kwanza.

Mpaka siku ile nilikuwa nikitembea nyuma ya kundi. Nenda, Mwende, na utangulie.

Babu yako,
Mutua