Mama Salome, Hakuna Aliyekunyoa

Mpendwa mke wangu Mama Salome,

Mimi mumeo nina miaka themanini na mitatu. Nimeishinda njaa ile iliyotulisha mizizi. Nimewashinda nyuki walionivamia juu ya mti, nikashuka na mzinga mkononi. Kaka zangu wote nimewazika, na yule mganga aliyesema sitamaliza kiangazi, kaburi lake nilichimba mimi. Naanza na hayo ili ujue unaandikiwa na mtu asiyekufa ovyo.

Salome alitaka niseme kwa simu, yeye akusimulie. Nikakataa. Masikio yako ugonjwa umeyaziba, utasikia nusu, na nusu nyingine utajitungia kama kawaida yako. Halafu kusoma tulijifunza wote, darasa la kisomo, benchi moja. Wewe ulifika mpaka ukawa unawasomea watu barua zao. Mimi nilitoka mapema kwa sababu nilikuwa nimeshajua vya kutosha. Mwalimu alisema, "Huyu bwana hata herufi anabishana nazo." Ukacheka mpaka ukafunika uso kwa khanga.

Sasa binti yetu ameniambia umekataa dripu inayofuata. Eti nywele zimetoka zote, na kwetu mwanamke anabaki kichwa kitupu akifiwa na mume. Kwa hiyo umeona ni ishara ya kifo changu, unataka kurudi nyumbani uniwahi. Nilicheka. Halafu nikaacha, kwa sababu Salome alikuwa analia.

Ngoja nikukumbushe tulikotoka. Ugonjwa ulianza puani. Tulikuwa tunapiga alizeti, damu ikakutoka, nikasema ni upepo wa Singida huu, kiangazi unakausha hata pua ya ng'ombe. Jicho likawa jekundu, nikasema makapi ya alizeti. Magoti yakauma, nikasema uzee. Ukaniuliza, "Mbona wewe uliyenitangulia kuzaliwa huo uzee haukuumi?" Miguuni yakatokea madoa mekundu, nikasema nyuki, ingawa nyuki wangu wanakujua. Kila kimoja nilikipa dawa yake, na asali juu ya yote.

Unakumbuka ile siku ya mnada? Tulikuwa njiani kwenda Mtinko, wewe mbele, mimi nyuma. Kandambili ikakuvuka mguu wa kulia, nawe unaendelea tu kwenye mchanga wa moto. Nikaiokota. "Mama Salome, umeanza kutupa viatu kama bibi harusi aliyelewa?" Ukautazama mguu kama ni mguu wa jirani. "Sikusikia ikivuka," ukasema. Ukajaribu kuinua vidole, havikuinuka. Kicheko changu kiliishia hapo.

Baadaye ukakohoa damu. Tukasema kifua kikuu, wakapima makohozi, hakuna. Mkojo ukawa mweusi kama chai isiyo na maziwa, uso ukavimba, ndipo tukapelekwa Dodoma.

Yule daktari binti aliniamkia vizuri, kwa hiyo nikamsikiliza. Alibana gilasi juu ya madoa yako, hayakufifia. "Babu, hii ni damu imevuja chini ya ngozi. Pua, jicho, sikio, mguu, mapafu, figo, ugonjwa ni mmoja."

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mgeni mmoja halali nyumba sita."

"Analala, babu, akipita kwenye vishipa vidogo vya damu. Hivyo viko kila nyumba."

Akaeleza kwamba kinga ya mwili wako imegeuka, inavipiga vishipa vyako mwenyewe. Nikamwambia sasa nimekuelewa: sungusungu waliwekwa walinde kijiji, wakaanza kuwachapa wenye kijiji. Alicheka, akasema hajawahi kusikia mtu akieleza vizuri hivyo, hata madaktari wenzake. Hilo hukulisikia, ulikuwa umelala, ndiyo maana nakuandikia.

Basi dripu hiyo ndiyo inayowanyang'anya fimbo. Nywele nazo zinaponzwa humo humo, lakini amesema zitaota. Na imefanya kazi, Mama Salome! Pua imekauka, hukohoi, mkojo umekuwa safi, na figo, daktari anasema, zimeanza kuamka. Ukiacha katikati, sungusungu wanaokota fimbo zao. Figo zikilala mara ya pili huenda zisiamke, ukawa mtu wa kuoshwa damu kwa mashine. Au nikupoteze kabisa.

Kuhusu nywele, nakuuliza kimila. Nani alikunyoa? Mjane hajinyoi. Ananyolewa na dada wa marehemu, kwa wembe, nyumbani kwa marehemu, watu wamekaa. Sasa wembe uko wapi? Nimekwenda mpaka Mandewa kwa dada yangu Elizabeti, nikamkuta anachambua mlenda.

"Umemnyoa wifi yako?"

"Nimnyoe kwa lipi, na wewe umesimama mlangoni unanizibia mwanga?"

Nikamweleza maneno yako. Akaweka ungo chini. "Mwambie wifi, mwenye kazi hiyo ni mimi, na sijaianza. Nywele zilizotoka bila wembe si za msiba. Ni za hospitali." Halafu akafuta macho, akasema ni vumbi.

Nyumba imepoa. Kuku wako wanalala kitandani upande wako, nawafukuza, wanarudi. Napika ugali mwenyewe, ni mzuri kuliko wako, lakini haushuki. Jioni najikuta nabisha jambo peke yangu, halafu nangoja unijibu.

Kubali dripu. Keti, nyosha mkono, waache wafanye kazi. Hicho kichwa kitupu niletee hivyo hivyo, mimi nilikuoa kwa ajili ya mdomo wako. Ijumaa napanda basi nije Dodoma unione kwa macho, na jicho lako limeshapona, hutakuwa na kisingizio.

Kaa salama mpaka nifike.

Mumeo mzima,
Baba Salome

Mashahidi kwamba niko hai: jirani yetu Ntandu, niliyebishana naye leo asubuhi juu ya mpaka wa shamba nikamshinda, katekista, aliyenisikia Jumapili nikiimba kuwapita vijana, na dada yangu Elizabeti, ambaye wembe wake nimeuona mwenyewe, umeota kutu.