Maji Hayana Kilima

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako mimi muuza ufuta na mtama wa hapa Kilwa Kivinje, nami nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hati za Kiarabu, uniwie radhi kwa mwandiko, kwa kuwa siku zote anayeniandikia barua ni mwanangu Yunusu, na safari hii Yunusu ndiye niliyemkosea.

Ana miaka kumi na moja, yuko shule ya serikali, na mwezi uliopita alirudi na hesabu ya kugeuza vipimo vyetu kuwa vya Kijerumani: mtungi unachukua pishi nane za maji, je, ni lita ngapi, na mwalimu amewaambia wachukulie kuwa vibaba vinne ni pishi moja na pishi moja ni lita tatu, nami, mtu wa kupima tangu ndevu hazijaota, nikasema hii ndiyo yangu, sogea hapa.

"Pishi ya nani?" nikamuuliza. "Ya mfuto au kama yangu?"

"Mwalimu hakusema, baba."

"Basi ni kama yangu. Mtu aliyesoma hawezi kupunja watu."

Maana mimi, mshauri, sipimi mfuto. Zamani nilikuwa nakipitishia kibaba kijiti juu, nafuta kinachozidi, mpaka ule mwaka wa njaa baada ya vita vya Maji Maji, alipokuja mama mmoja kutoka Umatumbini nikampimia mtama, naye akainama akaziokota punje zilizoanguka na kijiti changu, moja moja, mchangani, wala hakunung'unika. Nikakivunja kijiti kile, na tangu siku hiyo kibaba changu kina kilima juu, na vinne vyangu ni sawa na vitano vya wengine. Kwa hiyo nikampigia mwanangu hesabu ya haki: pishi nane ni vibaba arobaini vya wengine, na kwa lita tatu kila vibaba vinne, arobaini ni lita thelathini.

"Baba Yunusu," mke wangu Mwahija akaita kutoka jikoni, naye ni muuza mafuta ya nazi, "hayo si maji?"

"Maji, mtama, pishi ni pishi. Wewe tazama chungu chako."

Kesho yake mwalimu alimpa Yunusu kopo la lita na mtungi wa pishi nane, akamwambia haya, tia lita zako thelathini, na mtoto akatia, na ya ishirini na nne ikaufikisha mtungi mdomoni, na mwalimu akasema endelea, na makopo sita yaliyobaki mtoto akayamwaga miguuni pake mwenyewe mbele ya darasa zima, wenzake wakiimba "Kilima cha maji! Kilima cha maji!", na alipoulizwa nani kamfundisha akajibu, "Mimi mwenyewe, bwana mwalimu." Haya yote sikuyasikia kwake, nimeyasikia kwa jirani yangu Fakihi, ambaye mwanawe yuko darasa hilohilo, na Fakihi alinihadithia huku ameshika ukuta kwa kicheko.

Sasa kila nikimuuliza Yunusu kuhusu kazi za shule ananiambia, "Leo hatukupewa, baba," na juzi kasema anataka kuacha shule akae nami dukani, na hapa, mshauri, ndipo penye aibu yangu, kwa sababu nilifurahi. Nimekuwa nikimtaka dukani tangu azaliwe. Mwahija ananiambia nende kwa mwalimu nikaseme ni mimi, nami naogopa kuchekwa sokoni na uzee huu. Je, nende, au nimwache mtoto afuate moyo wake?

Mimi mpima kwa kilima, Kilwa Kivinje.

JIBU

Bwana mpima, umeficha jina lako kwa uangalifu, kisha ukataja la mkeo, la mwanao na la jirani. Na Kivinje nzima muuza mtama asiye na kijiti ni mmoja. Gazeti hili limeshuka kwenye meli moja, lako na la Fakihi, kwa hiyo habari ya kuchekwa sokoni tuiache, imeshapita.

Sikucheki sana. Mimi nilipofundishwa mita nilimpimia fundi mlango kwa mkono wangu, na hadi leo mke wangu anaufunga kwa bega.

Kilima chako ni kizuri, usikiache. Yule mama hakusahau alivyopimiwa, na waliokuja baada yake hawasahau pia. Lakini mtama unakaa juu ya mtama. Maji yanakwenda zake. Mkeo anayajua hayo kila siku ya kazi yake, na alikuambia, ukamfukuzia chunguni! Muombe radhi.

Tena usinidanganye kwamba mtoto anafuata moyo wake. Mtoto anakimbia kicheko cha wenzake, na anakukinga wewe. Alisimama na miguu imelowa akakataa kukutaja. Nawe unataka kumlipa kwa kumweka nyuma ya gunia kwa sababu ndivyo unavyopenda? Hapana, bwana.

Fanya hivi, na ufanye leo. Kwanza mkalishe Yunusu umwambie, "Nilikosea, na najua ulinikinga." Halafu azima kopo la lita, uchukue kibaba chako, mkae uani na ndoo ya maji, na yeye ndiye akufundishe, ukikosea akurudishe, nawe uitike. Kesho asubuhi mpeleke shule mwenyewe, useme kwa mwalimu watoto wakisikia: hesabu ile ilikuwa yangu. Watacheka, watachoka.

Na baada ya yote hayo akisema bado anataka kuja dukani, mwambie bado, mpaka amalize masomo. Umwambie bila kutabasamu.