Mkono wa Kushoto Kwenye Kinanda

Malindi

Dada yangu Kaltuma,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mambrui, wewe, shemeji na watoto, na mama pia. Mimi naendelea. Utashangaa kuona barua na simu ninayo, lakini maneno haya kwa simu yamenishinda.

Kikundi chetu cha taarabu hakijambo, na harusi ni nyingi. Wajua kile kinanda changu cha umeme. Ndani yake mna wimbi ambalo lenyewe halisikiki. Kazi yake ni kuitikisa sauti unayoipiga, ipande na kushuka kama koo la mwimbaji. Pembeni kushoto pana gurudumu dogo. Ukilisukuma mbele, mtikiso huzidi. Ukilirudisha, sauti hunyooka.

Tangu baada ya Idi watu walianza kunisifu. Sahla, mwimbaji wetu, alisema kinanda sasa kinalia kama mtu aliyefiwa, akaniuliza nimekifanyaje. Nilimjibu nimebadilisha mitambo. Basi kila wimbo nikaanza kuutia mtikiso, hata pasipofaa.

Juma lililopita tulikwenda Kilifi kurekodi. Sahla alitaka mwanzo wa wimbo uwe sauti moja ndefu iliyonyooka, isiyotikisika hata kidogo, ndipo aingie. Nilijaribu mara nyingi, mkono wa kushoto ukiwa juu ya gurudumu kama kawaida yangu. Sauti ilikataa kutulia. Fundi alidhani gurudumu limeharibika, akalijaribu mwenyewe, likawa zima. Nikauficha mkono wangu chini ya paja. Sahla aliuona. Alingoja tukatoka nje, akaniambia taratibu, "Ridhwan, si kinanda. Ni wewe."

Ni kweli, dada. Mkono wangu wa kushoto unatetemeka. Ukishika kitu hutulia kidogo; nikiupumzisha kwenye gurudumu huanza wenyewe, nami siwezi kuuzuia. Watu walikuwa wakiusifu ugonjwa.

Nimekwenda hospitali. Daktari ameniuliza kama pana mtu wa nyumbani aliyewahi kuwa hivi. Nilimtaja marehemu baba. Baba alipoanza kutetemeka mimi nilikuwa Mombasa na muziki wangu. Wewe ndiye uliyemvisha na kumlisha. Daktari ataka kujua kwa baba ulianza mkono gani, na kama hatua zake zilikuwa nzito tangu mwanzo. Ameniambia nisijihukumu kabla ya vipimo. Lakini kila asubuhi nauangalia mkono huu kabla sijauangalia uso wangu.

Nakuomba uje Jumatatu tuingie kwa daktari pamoja. Nataka umweleze yote nami nikiwapo, hata yale mliyonificha ili nisirudi nyumbani.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu. Mama mwambie namuombea dua, na barua hii usimsomee.

Ni mimi nduguyo, mwenye hofu,
Ridhwan