Kidogo ya Daktari

Athieno mjukuu wangu, habari ya Nairobi? Huku Rubongi mvua imekataa, lakini mbuzi ile nyeusi imezaa.

Unauliza daktari akiandika mama yako amezidiwa "slightly" ni kiasi gani, uje ama umalize mtihani. Jirani anayeniandikia anasema ni kidogo. Sawa.

Babu yako akichimba dhahabu Tiira, wenzake walikuja nyumbani, wakakataa kiti.

"Mama, mzee ameumia kidogo tu."

Nikawafuata, nikiongea njia yote habari ya mihogo. Kumbe walitaka nifike na nguvu yangu. Nilimkuta amefunikwa. Sikuwakasirikia, wangesema nini?

Mama yako leo amekataa hata uji. Kuja, mjukuu wangu. Usingoje daktari aandike neno ingine.