Kiboko wa Ijumaa kwenye Chakula cha Justa

Bibi mshauri, pokea salamu zangu kwanza na shida yangu baadaye.

Mimi ni mzee Melkiori wa Kivukoni, shule niliingia kwa mlango nikatoka kwa dirisha, kwa hiyo herufi zangu zikienda upande usizikemee. Nisaidie upesi, maana Pentekoste imekaribia na nyumba hii haikaliki.

Naishi kwa mwanangu Donati na mkewe Theodosia, ambaye ni mtu wa Mahenge, na mjukuu wangu Justa yuko darasa la pili, anashinda shuleni mpaka jioni kwa sababu ya mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, basi kila asubuhi lazima abebe chakula, na kila asubuhi baba na mama wanakibishania hicho chakula kama vile kinakwenda kuliwa na Gavana. Donati anasema, "Mtoto wa Kivukoni abebe wali na samaki, watu wasije wakasema mpunga umetushinda." Theodosia anajibu, "Wali kwenye jani la mgomba saa sita umeshachacha. Mfungie viazi vitamu na karanga, sisi tumekua navyo, na mimi si mfupi kuliko wewe." Hapo ni kweli, amempita mwanangu kichwa kizima. Mimi nakaa pembeni naota moto, nikiona maneno yanapoa natia kuni: "Theodosia mwanangu, hivi huko milimani viazi mnakula na maganda?" maana bila hivyo asubuhi ya mzee ni ndefu.

Ijumaa iliyopita wakabishana mpaka kengele ya shule ikalia na mtoto hana kitu mkononi. Nikaona nifanye utu. Jumatano iliyotangulia Bwana Nyama wa Serikali, yule msimamizi wa wanyama wa porini, alikuja na bunduki akampiga kiboko aliyekuwa anatumalizia mpunga, kijiji kizima tukagawana, na fungu letu lilikuwa juu ya uchanja, limebanikwa likawa jekundu linadondosha mafuta, basi nikakata kipande cha haja, nikakifunga na kiporo cha wali, nikamwambia, "Kimbia mama, leo utakula kama mke wa jumbe."

Bibi, mchana Justa akawagawia wenzake wa mafundisho, na Katekista Raimundi akapita, akapewa, akatafuna, akalamba vidole, akasema, "Samaki wenu mtamu, Justa. Samaki gani huyu?" Mtoto hajui uongo. "Kiboko, mwalimu." Yeye anasema alitema. Watoto wanasema alikuwa ameshameza.

Jioni akaja kwetu amefura kama chura. "Mzee Melkiori, umewalisha watoto nyama siku ya Ijumaa, na Kanisa limekataza!" Nikamwambia, "Nyama gani? Kiboko analala majini, anaamkia majini, anazaa majini. Umewahi kumkuta amejenga kijijini?" Akasema mbona anapanda kula mpunga kwa miguu minne. Nikamwambia, "Na wewe unashuka mtoni kuoga, mbona hujawa kambale?" Theodosia alicheka mpaka akakaa chini, Donati naye akacheka, na sikumbuki lini hao wawili walicheka jambo moja.

Lakini kicheko kimekwisha, maana Raimundi amesema Justa hatakomunika siku ya Pentekoste mpaka mimi nije nikae mkekani na watoto nijifunze amri za Kanisa, nizitoe zote kichwani. Mimi! Raimundi huyo nimemjua tangu mtoto anatembea uchi! Nimekataa. Sasa gauni jeupe limeshonwa, limetundikwa ukutani, na Justa hanilaumu, ananiletea maji ya kunawa halafu anasimama kulitazama. Niambie, bibi, kiboko si samaki? Na mzee mzima nikasome na watoto waliong'oka meno ya mbele kuliko mimi?

Ni mimi, Melkiori.

JIBU

Shikamoo babu. Nimeziamkia mvi zako. Matendo yako hayastahili hata "hujambo".

Barua yako nimemsomea mume wangu, tumecheka sana, kisha tukafika kwenye gauni lile ukutani, mstari huo nikaurudia mara mbili. Umeliona na wewe, ndiyo maana umeandika.

Kiboko si samaki, na unajua. Samaki gani ananyonyesha? Ungekuwa unaamini maneno yako, ungemla kila Ijumaa tangu ulipobatizwa. Hilo tulifunge.

Justa hana kosa. Amekula alichofungiwa na mtu mzima. Kwa hiyo kesho nenda kwa padri, wewe mwenyewe kwa miguu yako, umwambie hivyo na uombe mtoto asizuiwe. Katekista Raimundi, aliyetafuna kwanza akauliza baadaye, hana uso wa kukata shauri hili peke yake. Ila usidhani umeponyoka, babu. Hata padri akimruhusu Justa siku hiyohiyo, mkekani utakwenda. Aibu unayoiogopa ni ya kukaa chini na watoto. Mimi naona aibu zaidi mjukuu kuzijua amri ambazo babu yake anazifanyia mzaha kwa sababu hazijui.

Nanyi Donati na Theodosia, najua mnasomewa haya. Mmebishana juu ya tumbo la mtoto mpaka mtoto akatoka na njaa, na hakuna aliyemuuliza yeye anapenda nini. Muulizeni. Mkiwa mnangoja jibu, samaki wa baba abanikwe akauke vizuri, viazi vya mama vichemshwe jioni, vyote vikae jani moja. Wali mle nyumbani ukiwa wa moto. Huo ugomvi ulihitaji jani moja tu, jamani. Na babu asiguse uchanja siku ya Ijumaa.

Jumatatu, mzee wangu, fika mafundishoni mapema. Usikae nyuma ya darasa ukawachekesha watoto. Kaa ubavuni kwa Justa. Utakwama, hilo nakuhakikishia, naye atakunong'oneza jibu. Lipokee, ulitamke kwa sauti, na umwache ajue kwamba amekufundisha. Siku ya Pentekoste atakapotoka altareni na gauni lake, mtu wa kwanza atakayemtafuta kwa macho ni wewe. Uwe umesimama hapo, na umevaa kanzu safi.

Mshauri wako, Mama Balbina.